Watoto wetu wanang'olewa meno ambayo yangezibwa

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wote wa gazeti hili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, Dar es Salaam, nafundisha darasa la pili, na leo nimeamua kuandika kuhusu meno ya watoto. Najua wapo watakaosema nchi ina mambo mengi makubwa, sasa mwalimu mzima anakaa anaandika habari za meno, lakini naomba wanisome maana hili jambo liko karibu kila nyumba na hatulisemi.

Ninachosema ni hivi. Kwenye hospitali zetu za serikali mtoto ambaye jino lake limetoboka, jino ambalo daktari mwenyewe anakuambia hili linazibika, anaishia kung'olewa. Siyo kwamba madaktari hawajui kuziba, wanajua vizuri sana. Anang'olewa kwa sababu mzazi hana hela ya kuziba, au vifaa vya kuzibia vimeisha, au kiti kimekufa na fundi hajaja, na siku hiyo huduma pekee ambayo mzazi anaimudu ni koleo. Mtoto mwenye bima nzuri anazibwa anarudi nyumbani na jino lake, mtoto wa mama anayeuza vitumbua anarudi na pengo. Na mbaya zaidi njia rahisi kabisa ya kuziba meno ya watoto, isiyotaka umeme wala mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania, nitaeleza mbele kidogo.

Kwanza niseme ninachokiona darasani maana wengi mna watoto lakini hamuwaoni wengi kwa pamoja kama sisi walimu. Asubuhi watoto wakiingia unawajua wenye meno. Mtoto anakaa kashika shavu, haandiki, ukimuuliza anasema "mwalimu, jino", basi, hana cha kuongeza. Wengine wanakuja na pamba yenye karafuu wameibana mdomoni, wengine wamesukutua maji ya chumvi tangu alfajiri, na nimeshakutana na mtoto ambaye baba yake alimuwekea maji ya betri kwenye jino, akaungua ulimi na fizi. Mzee yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu ambaye mtoto wake halali usiku na yeye hana hela ya kwenda hospitali, na kuna mtu mtaani alimwambia hiyo ndiyo dawa.

Mwaka jana nilikuwa na kijana mmoja, jina lake silitaji, msomaji mzuri kuliko wote darasani, ikafika muhula wa pili akawa anasoma huku kafunika mdomo na kiganja, halafu akawa hasomi kabisa. Siku moja nikamuita nje nikamwambia hebu fungua mdomo. Gego la chini upande wa kushoto limebaki kuta tu, katikati ni shimo jeusi, na pembeni kwenye fizi kuna kipele kina usaha, ukikiangalia unaona kinatoa. Nikamuita mama yake. Kumbe mama alikuwa ameshampeleka zahanati, na akapewa amoksilini na dawa ya maumivu, uvimbe ukashuka, baada ya wiki kadhaa ukarudi, akaenda tena akapewa amoksilini tena. Zahanati hawana cha zaidi cha kumpa, hakuna mtu wa meno pale. Kwa hiyo hela ya dawa ilikuwa inatoka kila mara na shimo liko pale pale.

Sasa nitaje kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, na hapa naomba mnisome taratibu. Watoto wana meno 20 ya utotoni, hayo ndiyo yanayong'oka. Lakini mtoto akifika kama miaka sita kuna gego la ukubwani linaota, linaota nyuma kabisa ya magego ya utoto, na hakuna jino lolote linalong'oka kulipisha, linakuja lenyewe kimya kimya. Mzazi hajui kama limeota. Linaota na mistari mirefu juu, chakula kinakaa mle, mtoto wa miaka sita hajui kupiga mswaki mpaka nyuma kule, basi linaanza kuoza mapema sana. Ukimwambia mama, mama anakujibu aah hayo ni ya utoto, yatang'oka tu. Hayang'oki. Hilo ni la kuzeekea nalo. Mtoto akilipoteza darasa la tatu amelipoteza moja kwa moja, na hata yale ya utoto yenyewe magego yake yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12, kwa hiyo mtoto wa miaka mitano mwenye gego bovu unapomwambia litang'oka, unamwambia asubiri miaka mitano na zaidi na maumivu. Ukiling'oa mapema nayo ni kesi nyingine, meno ya jirani yanalalia kwenye pengo, la ukubwani likija halina nafasi linapanda juu ya mwenzake, na kufunga waya za kunyoosha meno ni hela ambayo mzazi wa Mbagala hawezi hata kuiuliza.

Turudi kwenye sera. Nchi hii ilianza utaratibu wa kuchangia huduma za afya mwaka 1993, na tangu hapo kukawa na makundi ya msamaha. Sera ya Afya ya 2007 inasema vizuri kabisa kwamba wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo wa miaka 60 na kuendelea watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Ni sera nzuri na imeokoa watoto wengi, siibezi hata kidogo. Lakini kwenye meno piga hesabu uone. Msamaha unaisha mtoto akitimiza miaka mitano. Gego la ukubwani linaota akiwa na miaka sita. Yaani mlango unafungwa mwaka mmoja kabla ya jino lenyewe kufika! Miaka ile ambayo meno ya watoto yanaoza na kuuma kuliko miaka yote, kuanzia mitano mpaka kumi na mbili, ndiyo miaka ambayo mtoto hahesabiwi tena kwenye msamaha, anahesabiwa kama mtu mzima anayetakiwa kuja na hela. Mimi naamini aliyeandika miaka mitano alikuwa anafikiria malaria na kuharisha na nimonia, na kwa magonjwa hayo ni sawa. Kwa meno haifai.

Wapo watakaosema kuna ustawi wa jamii, asiye na uwezo aende apewe msamaha. Ni kweli ofisi ipo. Ila mwambie mama ambaye ameacha meza yake ya biashara, aanze kutafuta barua ya serikali ya mtaa, arudi nayo, apange foleni ya ustawi, aulizwe maswali mbele za watu, kwa ajili ya jino moja la mtoto. Hafanyi. Anasubiri mpaka shavu livimbe ndiyo anakwenda, na likishavimba hakuna tena habari ya kuziba.

Nina mtoto wa mdogo wangu naishi naye, ana miaka saba. Mimi ni mtumishi wa umma, nakatwa bima kwenye mshahara, kadi yangu inanibeba mimi na mwenzi na wategemezi wanne, lakini huyu mtoto hayumo kwa sababu utaratibu wa mtegemezi unataka karatasi za kisheria ambazo bado hatujazikamilisha. Kwa hiyo nilimpeleka kwa hela taslimu kwenye hospitali moja ya serikali hapa jijini, sitaitaja maana lengo langu siyo kumchongea mtu. Tukafika kabla jua halijatoka, tukalipia faili, tukalipia kumuona daktari, tukakaa kwenye benchi la chumba cha meno. Daktari mmoja, kiti kimoja, na watu wazima wengi tu mbele yetu. Tulipoingia yule daktari, kijana mpole kabisa, akamuangalia mtoto na kile kioo kidogo, akasema "mama, hili linazibika vizuri tu, ni la ukubwani, tusilipoteze". Nikafurahi. Akanitajia bei ya kuziba ambayo ilikuwa karibu mara tatu ya bei ya kung'oa, nikasema sawa nitalipa. Ndiyo akaniambia sasa tatizo vifaa vya kuzibia vimeisha, wameagiza, hajui lini vitakuja, ninaweza kwenda kwenye kliniki ya nje, au nisubiri, au kama mtoto anaumwa sana aling'oe leo. Alisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, niliona halipendi.

Mimi nilienda nje, nikalipa, jino limepona mpaka leo. Lakini pale kwenye benchi pembeni yangu kulikuwa na mama mwenye binti wa rika lile lile na tatizo lile lile, tukaongea kidogo. Akaniambia "dada, mimi nimekuja na elfu ishirini, na nauli ya kurudi imo humo humo, wang'oe tu niende nikafungue biashara". Akang'olewa. Binti alitoka kabana pamba, machozi yanamtoka, mama anamfuta na kona ya khanga huku anaangalia saa kwenye simu. Watoto wawili, jino lile lile, ugonjwa ule ule, siku ile ile, tofauti yao ni mshahara wa mwalimu tu, ambao nao wote mnaujua ulivyo.

Na bima? Tuseme ukweli kidogo hapo. Toto Afya Kadi, ile kadi ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na wazazi wengi wa hali ya kawaida walijibana wakakatia, nawajua waliokuwa wanaweka kidogo kidogo kwenye kikoba kwa ajili ya hiyo kadi. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wazazi wakaambiwa wasajili kupitia shule au vifurushi vya familia. Mfuko ulieleza kwamba wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaumwa na mzigo ukawa mkubwa, naelewa hesabu zao. Ila sisi walimu ndiyo tuliokaa na wazazi kwenye vikao kuwaeleza, na tuliona sura zao. Kifurushi cha familia kwa mtu anayelala na kuamka na faini za bodaboda ni ndoto. Mambo ya vifurushi yamebadilika badilika tangu hapo lakini kwa mzazi ninayemsema mimi hali ni ile ile, mtoto hana kadi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na matumaini yetu yako huko, lakini kwenye mijadala yote niliyosikia redioni watu wanaongelea kansa, figo, moyo, kujifungua, sijasikia mtu anauliza jino la mtoto wa darasa la kwanza litazibwa au halitazibwa kwenye kitita cha msingi, yaani zile huduma ambazo bima hiyo italipia. Naliuliza mimi.

Sasa nije kwenye ile njia. Mdogo wangu wa kike alisomea utabibu wa meno na yeye ndiye aliyenifungua macho, nikaanza kusoma na kuulizia. Mafunzo ya madaktari wa meno hapa nchini yalianza mwaka 1979 Muhimbili, enzi hizo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1980, kwenye kazi ya kupeleka huduma za meno kwa wananchi wa kawaida, daktari wa meno Mholanzi anayeitwa Jo Frencken na wenzake wa hapa walikuwa na shida ambayo kila mtu aliyefanya kazi vijijini anaijua, mashine ya kuchonga jino inataka umeme, inataka maji, inataka vipuri, na vyote havipo. Wakaacha mashine. Wakaanza kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba shimo bila kuchonga. Njia hiyo ikaenda kufanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani ambayo mwaka huo ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Leo inatumika nchi nyingi sana, hadi nchi tajiri wanaitumia kwa watoto wanaoogopa mashine.

Mdogo wangu alinionyesha inavyofanyika na nikashangaa inavyokuwa rahisi kuiangalia. Mtoto analala chali, hata juu ya meza mbili za darasa zilizounganishwa na kutandikwa godoro. Tabibu anakaa kichwani kwake. Ana kioo, ana kifaa chembamba mfano wa kijiko kidogo sana, anakwangua ile sehemu laini iliyooza, inatoka kama unga uliolowa, anaacha ile ngumu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki maana kile kilichooza hakina maumivu. Anasafisha na pamba yenye maji, anakausha, halafu anachanganya unga na maji yake, ni sementi maalum inaitwa glasi ayonoma, anaijaza kwenye shimo, anapaka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glavu na kuikandamiza kwa kidole hicho hicho mpaka iingie kwenye ile mistari yote ya jino. Anamwambia mtoto uma meno, anatoa iliyozidi, mtoto asile kwa saa moja, imeisha. Hakuna kelele za mashine, hakuna mtoto kushikwa na watu watatu. Na ile sementi inatoa floridi kidogo kidogo ambayo inalilinda jino. Kwa shimo kubwa lililofika kwenye mshipa haifai, lazima niseme hivyo, lile la kijana wangu wa darasani lilikuwa limeshapita hapo. Ndiyo maana nasema iwahi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka hiyo sementi kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, na ile dawa ya kupaka yenye madini ya fedha ambayo inasimamisha jino lisiendelee kuoza, inaliacha jeusi pale palipooza lakini uozo hauendelei. Dawa muhimu maana yake ni ile ambayo haitakiwi kukosekana kama ambavyo dawa ya malaria haitakiwi kukosekana. Ripoti yao ya mwaka 2022 inasema watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Hili si tatizo la Mbagala peke yake, ila suluhisho lilitokea kwetu, na mtoto wa Mbagala halipati.

Kuna watakaonijibu kwamba tatizo ni wazazi, watoto hawapigi mswaki na wanakula pipi. Nakubali kabisa kuhusu pipi, nje ya geti la shule yetu kuna ubuyu wa rangi, barafu za sukari, juisi za unga na pipi za shilingi hamsini, na mtoto anayekuja bila kula nyumbani hela yake ya mia mbili ndiyo inaishia hapo. Kuna watoto wadogo wanalala na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Mzazi anayesoma hapa naomba mtoto apigishwe mswaki na mtu mzima mpaka afike miaka kama saba nane, asubuhi na usiku kabla ya kulala, dawa ya meno iwe yenye floridi, kidogo tu kama punje ya mchele kwa mtoto chini ya miaka mitatu na kama punje ya njegere akizidi hapo, ateme bila kusukutua sana. (Wenzetu wa Arusha na sehemu za Kilimanjaro na Singida wana shida tofauti, floridi imezidi kwenye maji yenyewe na meno ya watoto yanaota na rangi ya kahawia, hiyo inastahili barua yake.) Lakini mswaki hauzibi shimo. Jino likishatoboka limetoboka, na kumlaumu mama aliyekaa kwenye benchi na elfu ishirini hakumrudishii binti yake gego.

Tena tukikaa kimya kuhusu meno ya watoto nafasi yetu inachukuliwa na wengine. Bado kuna watu wanawaambia kina mama kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa ana meno ya nailoni, wanachimba fizi za mtoto wa miezi sita na kutoa vijino ambavyo havijaota bado, kwa kifaa kisichojulikana kimetoka wapi. Hakuna kitu kinaitwa meno ya nailoni. Ni chonge za utoto ambazo bado ziko ndani ya fizi, fizi inavimba kidogo, na kuharisha kwa mtoto kuna sababu zake na tiba yake iko zahanati. Watoto wamepoteza damu na wengine maisha kwa ajili ya hili. Mama anakwenda kliniki ya watoto kila mwezi, mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, na hakuna anayemfungua mdomo. Chanjo ya surua na rubela ya pili inatolewa mtoto akiwa na miezi 18, kwanini nesi asimnyanyue mdomo wa juu kwa kidole gumba siku hiyo akaangalia kama kuna alama nyeupe au kahawia kwenye meno ya mbele? Ni sekunde chache. Pale pale mama anaambiwa kuhusu chupa ya usiku, kuhusu mswaki, na kuhusu huo uongo wa nailoni.

Nawashukuru madaktari wa meno ambao kila mwaka Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, wanajitolea kupima watu bure. Shule yetu iliwahi kutembelewa, watoto wakafundishwa kupiga mswaki, wakapewa karatasi za rufaa. Hizo karatasi nyingi ziliishia kwenye madaftari. Kupima bila kutibu kunamuacha mzazi na habari mbaya mkononi na hana pa kuipeleka.

Ninachoomba kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI, na nawataja wote wawili kwa sababu mmoja anatunga sera na mwingine anasimamia vituo na sisi wananchi tunapigwa danadana katikati. Msamaha wa matibabu kwa upande wa meno upandishwe kutoka miaka mitano mpaka 12, angalau kwa huduma ya kuziba kwa vifaa vya mkono na ile dawa ya kupaka. Sementi ya kuzibia iwepo Bohari ya Dawa muda wote na halmashauri ziiagize kwa kuiandika kwenye mpango kabambe wa afya wa kila mwaka, maana kitu kisichoandikwa pale hakina hela. Kila kituo cha afya kiwe na tabibu wa meno. Vituo vya afya vimejengwa vingi sana miaka hii, vingine kwa hela ya tozo zetu za miamala ya simu, ni vizuri na vinapendeza, sasa viwekwe watu. Vyuo vya matabibu wa meno vipo, Tanga na Mbeya vinafundisha miaka na miaka, na mimi nawafahamu waliohitimu ambao wanauza vocha na nguo za mtumba wakisubiri ajira huku watoto wangu darasani wanavimba mashavu. Hawahitaji kiti cha mamilioni kuanza. Wapeni boksi la vifaa, kisafishio cha joto cha kuua vijidudu, sementi na usafiri.

Na waleteni shuleni. Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wako shuleni, wote, kila siku, huna haja ya kuwatafuta mtaani. Tabibu mmoja na msaidizi wakija kwa darasa la kwanza na la pili, hawa ndiyo wana gego jipya, wakaziba yanayozibika pale pale na mengine wakaandikia rufaa yenye muhuri wa msamaha, mzazi hapotezi siku ya biashara, hapandi daladala mbili, hakuna faili la kulipia. Sisi walimu tutapanga meza, tutachota maji, tutaita wazazi waje kusaini. Uskochi wana mpango wa serikali wa watoto kupiga mswaki pamoja wakiwa shule za awali, chini ya mwalimu, kila siku, na meno ya watoto wao yamepata nafuu. Na hilo tunaliweza, ndoo yenye koki tunazo tangu wakati wa korona.

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa na viongozi, namuomba anayehusika na afya ya kinywa pale wizarani atujibu kwenye ukurasa huu huu mambo mawili tu: kuziba jino la mtoto wa miaka sita kumo au hakumo kwenye kitita cha msingi cha bima ya afya kwa wote, na kwenye bajeti inayokuja ni vituo vya afya vingapi vitapata tabibu wa meno na sementi ya kuzibia. Nitalikata hilo jibu nilibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule ili wazazi walisome.

Mwalimu wa darasa la pili,
Mbagala, Dar es Salaam